Vuli Niliyosema Tunajimudu

Jumapili, 11 Agosti

Beri za buluu zimeiva msituni nyuma ya nyumba, na sina mtu wa kumwambia. Ndiyo maana nimeanza kuandika.

Tangu mume wangu Kauko afariki, kila jioni nilikuwa namsimulia binti yangu Hilma siku yangu. Mimi ni mpishi wa shule hapa kijijini, na jikoni hakukosekani habari: nani kakataa kula kiazisukari chekundu, nani kamwaga maziwa. Hilma alikuwa akisikiliza na kusema, "Kweli, Mama?" Hata pale ambapo hakuelewa, alisema hivyo hivyo, kweli Mama, nami nikaendelea. Tangu katikati ya kiangazi hilo "kweli" limeondoka. Ananitazama tu, anatabasamu. Basi maneno yangu yamekosa pa kwenda.

Ana miaka kumi na minne. Ugonjwa wake alizaliwa nao. Nusu nilimpa mimi, nusu alimpa baba yake, wala hatukujua kwamba tunabeba kitu. Daktari Outi alinieleza kwamba seli za Hilma hazijui kujisafisha, taka inajaa ndani yake, na panapoumia kwanza ni kichwani. Mara nyingi huondoka maneno, kisha miguu.

Lakini huko hospitali ya chuo kikuu kuna watoto wawili waliokwisha kutibiwa. Walitolewa seli za uboho, zikapandikizwa jeni iliyo nzima, isiyo na kasoro, zikarudishwa mwilini mwao wenyewe. Hawajapona, ila hawarudi nyuma tena. Kundi linalofuata litachaguliwa mara serikali itakapokubali kutoa fedha. Sharti ni kwamba mtoto awe bado anatembea bila kushikwa.

Hilma anatembea. Kila asubuhi anakwenda peke yake hadi sanduku la barua barabarani na kuleta gazeti. Mimi nasimama dirishani namwomba Mungu ampeleke na amrudishe.


Alhamisi, 15 Agosti

Supu ya njegere shuleni, kama kila Alhamisi. Mvua. Gazeti lililetwa.


Jumapili, 25 Agosti

Leo ibada ya nyumbani ilikuwa kwa Bi Aune, jirani yangu wa ng'ambo ya ghuba ya ziwa. Ana miaka sabini na kitu na ulimi wa kukatia kuni.

"Amani ya Mungu, Virpi."

"Amani ya Mungu, Bi Aune."

Tuliimba, tukasikiliza neno, na kahawa ilipoandaliwa akanisogelea na sahani ya maandazi ya iliki. Nikajua kuna jambo, kwa sababu Aune hamsogelei mtu bure.

"Nasikia mnaiomba serikali ilipie kumtengeneza mtoto kama trekta."

"Si kumtengeneza, Bi Aune. Ni dawa."

"Dawa hunywewa. Hii ya kuingia ndani ya mbegu ya mtu na kupangua alichopanga Mwenyezi Mungu, mimi siijui."

"Wewe mwenyewe una nyonga ya chuma."

"Nyonga ni mfupa!" akasema, na wanawake wengine wakaanza kuangalia vikombe vyao. Hakuna aliyenitetea. Hakuna aliyenipinga pia. Nilikula andazi langu nikashukuru, maana lilikuwa zuri, na hilo liliniudhi zaidi.

Njiani nilijiuliza, Bwana, kama hutaki, mbona umewapa akina Outi akili hizo? Upepo ulikuwa umetulia na ziwa lilikuwa kama bati.


Jumanne, 3 Septemba

Mkutano wa serikali wa kupanga bajeti wanauita Banda la Kupuria. Babu yangu alikuwa na banda la namna hiyo, la kukaushia nafaka ya rai kwa moshi na kuipiga mpaka punje zitengane na makapi. Leo mawaziri wamemaliza kupuria. Nilikuwa naosha masufuria, redio iko juu ya friji. Wakataja barabara, wakataja ulinzi, wakataja wazee. Sisi hatukutajwa.

Daktari Outi alinipigia mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia akanawa uso.

"Fedha yetu haijakatwa, Virpi. Imeahirishwa."

"Tofauti yake nini?"

"Kwenye karatasi, kubwa sana." Kisha akaongeza: "Bado Bunge halijapitisha. Kamati itasikiliza watu mwezi ujao. Usikate tamaa."

"Hapana, hapana. Tutajimudu," nikasema.

Teppo anasema fedha zote tunazozililia hazifiki bei ya daraja moja la barabara kuu. Teppo ndiye mwenyekiti wa chama chetu cha wazazi. Ni fundi bomba wa upande wa pwani ya magharibi, na ana binti wa miaka minne, Lumi, mwenye ugonjwa huu huu. Anachekesha mpaka unasahau kwamba na yeye hali yake ni kama yako.


Jumapili, 8 Septemba

Viazi vimetoka. Vidogo mwaka huu. Hilma alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nami nikamrushia kimoja kimoja akidaka. Alicheka. Alipokosa kudaka alicheka zaidi.


Jumamosi, 14 Septemba

Teppo kapiga simu.

"Dada Virpi, uko wima au umekaa?"

"Niko wima. Nasaga nyama."

"Basi kaa. Kamati ya Bunge inataka wazazi wawili. Mmoja mimi, kwa sababu ya sura. Wa pili wewe."

"Mimi? Mimi sijasoma, Teppo. Mchukue yule mzazi mwalimu wa kusini."

"Mwalimu ataleta michoro. Wamekwisha kuiona michoro. Wewe ukisema kitu, mtu anaona jiko lako na mtoto wako. Wanahitaji kumwona mtoto."

Nilisema nitaomba kwanza. Nikaomba. Niliona ni aibu kumsumbua Mungu na mambo ya treni na Bunge, lakini nikamwambia tu. Nikakubali.


Alhamisi, 19 Septemba

Njegere. Hilma alisimama katikati ya njia ya kwenda kwenye sanduku la barua, kama mtu aliyesahau alichofuata. Kisha akaendelea.


Jumapili, 22 Septemba

Leo sikwenda ibadani. Nilimchukua Hilma msituni kuchuma beri nyekundu, zile chachu za kuliwa na nyama. Mungu anisamehe, ila sikutaka kutazamwa. Misonobari ilikuwa imetulia, uyoga umeota kila mahali. Hilma alikaa kwenye kuvumwani laini iliyotandaa chini akala beri moja baada ya nyingine, uso ukikunjamana kwa uchachu, na kila alipokunja uso akanyoosha mkono kwa nyingine. Nilimwambia habari zote za Bunge, nitavaa nini, nitasema nini. Nilijibu mwenyewe, "Kweli, Mama?" Nikaona haya, kana kwamba nimemwibia.


Jumatano, 16 Oktoba. Ndani ya treni

Naandika nikirudi nyumbani.

Niliamka mapema, nikamwacha Hilma kwa mwenzangu wa jikoni, nikavaa sketi nyeusi na skafu. Mpaka Helsinki ni karibu nusu siku. Teppo alinipokea stesheni amevaa tai yenye picha ya samaki. "Nyingine ina doa," akasema.

Chumba cha kamati kina meza ya mviringo, na kila mbunge ana maji yake. Daktari Outi alianza, akaeleza vizuri, kuhusu seli na jeni na wale watoto wawili. Mbunge wa mkoa wetu, Mheshimiwa Haverinen, alikuwepo, akaniinamishia kichwa kama mtu wa nyumbani, nikafarijika. Kisha wakatugeukia sisi. Nilisema niliyojiandaa kusema, kwamba Hilma alikuwa akiimba, kwamba sasa haimbi. Sikulia. Nilijivunia kwamba sikulia.

Ndipo mwenyekiti, mwanamke mpole mwenye miwani, akainama mbele na kuniuliza, "Na nyumbani, mama, mnaendeleaje?"

Nikasema, "Ah, tunajimudu."

Lilitoka lenyewe, kama unavyosema shikamoo kwa mkubwa bila kufikiri. Toka nizaliwe nimekuwa nikilisema hilo. Mama yangu alilisema akiwa kitandani pa kufia. Kauko alilisema mashine ya kukata miti ilipomwangukia, daktari alipomuuliza. Nikaona Mheshimiwa Haverinen anashusha mabega, ameridhika, na kijana wa pembeni anaandika.

Nje kwenye ngazi Teppo alishika kichwa.

"Dada Virpi! Umesafiri nchi nzima kuja kuwaambia tunajimudu?"

"Sasa ningesemaje? Aliniuliza kwa upole!"

"Ungesema ukweli!"

"Na wewe alipokuuliza, ulisemaje?"

Teppo akatazama samaki wa kwenye tai yake. "Nilisema hatuna la kulalamika."

Tulicheka, tukiwa tumeegemea ukuta wa Bunge, mpaka askari akatutazama. Halafu hatukucheka tena. Tulikula soseji stesheni, kisha kila mmoja akapanda treni yake.


Alhamisi, 17 Oktoba

Njegere. Mwenzangu aliniuliza ilikuwaje. Nikasema ilikwenda vizuri.


Ijumaa, 1 Novemba

Teppo kanisomea kwa simu rasimu ya ripoti ya kamati. Wanautambua utafiti kuwa ni muhimu. Wanapendekeza uangaliwe tena katika miaka inayokuja. Na sababu mojawapo imeandikwa hivi: familia zilizosikilizwa zimeeleza kwamba kwa sasa zinajimudu.

"Usijilaumu," Teppo akasema.

"Sijilaumu."

"Mimi ninajilaumu," akasema, na hakutia mzaha wowote. Lumi naye ameanza kujikwaa.

Nilikwenda kuwasha sauna, kibanda chetu cha kuogea mvuke kila Jumamosi, ingawa leo ni Ijumaa. Nilikaa ndani peke yangu kwenye joto, pale ambapo mtu akilia inaonekana ni jasho tu, ingawa hapakuwa na mtu wa kuona. Nilimwambia Mungu, mimi ni mwanamke mjinga. Mtoto wangu alikuwa na mdomo mmoja tu wa kumsemea, nami nikautumia kwa adabu.


Jumanne, 5 Novemba

Hilma amefika kwenye sanduku la barua kwa kushika uzio. Uzio si mtu, najiambia. Kutembea kwa kushika uzio ni kutembea bila kushikwa.


Jumamosi, 16 Novemba

Leo ilikuwa karamu ya wawindaji, ile inayofanyika msimu wa kuwinda elki ukienda ukingoni. Wanapika supu ya nyama ya hao wanyama wenye pembe kama sepetu kwenye masufuria makubwa, na kijiji kizima kinakuja kula, hata wasiosalimiana. Ukumbi ni wa shule yetu, kwa hiyo upawa ulikuwa mkononi mwangu. Hilma nilimkalisha meza ya karibu na mkate wake.

Mheshimiwa Haverinen alikuja. Huja kila mwaka, na hujipanga foleni kama watu wengine. Sitamnyima sifa hiyo. Alipofika kwangu akanyoosha bakuli.

"Aa, mama yetu! Ulirudi salama kutoka Helsinki? Nyumbani mnaendeleaje?"

Foleni ilikuwa ndefu nyuma yake. Hapa kwetu mtu akiulizwa hali yake ana majibu mawili: tunajimudu, au hakuna la kulalamika. La tatu sijawahi kulisikia tangu nikiwa mtoto, hata misibani.

Nikasema, "Hatujimudu."

Vijiko vilinyamaza.

"Naam, hee," akasema, akacheka kidogo, "sote tuna siku zetu mbaya."

"Si siku mbaya, Mheshimiwa. Wakati wa Pasaka Hilma alikuwa akisema sentensi nzima. Sasa haniiti hata mama. Siku hizi natembea nyumbani kwangu nikijisemesha ili nisikie sauti. Mliniuliza Bungeni, nikawadanganya kwa adabu. Naomba mrudi mkaandike upya."

"Mama, ripoti ile imekwisha kufungwa..."

"Basi ifunguliwe!" Sauti ilitoka meza ya dirishani, na niliijua kabla sijageuka. Bi Aune, na kijiko chake kimesimama hewani. "Wakati wa kampeni ulifungua mlango wangu bila hodi, nikiwa na sabuni kichwani. Karatasi tu ndiyo inakushinda?"

Watu wakacheka, kicheko kile cha kutoa pumzi. Haverinen naye akawa mwekundu mpaka masikioni. Kisha akaniuliza, bila ile sauti yake ya mikutano, "Mtoto yuko wapi?"

Nikamwonyesha kwa upawa. Akaenda na bakuli lake, akakaa mbele ya Hilma. Sikusikia alichosema. Nilichoona ni kwamba Hilma alimpa kipande cha mkate wake kilichokwisha kutafunwa pembeni, na yeye akakila. Supu yake ilipoa.

Baadaye watu walinipita kimya wakirudisha sahani. Mmoja alinishika kiwiko. Wengine hawakunitazama. Nimerudi nyumbani nikiwa mpweke kuliko nilivyoondoka, kama mtu aliyevua nguo mbele ya watu kwa sababu nzuri.


Jumapili, 17 Novemba

Bi Aune amekuja kwa mguu, kwenye barafu, na nyonga ile. Alikaa bila kuvua koti.

"Sikusema jana kwamba nimekubaliana na mambo yenu ya jeni," akasema.

"Sikudhani umekubali."

"Vizuri." Akakoroga kahawa ambayo hakuitia kitu. "Nilikuwa na kaka. Eino. Alianza hivi hivi kama huyu. Maneno, halafu miguu. Walimpeleka kwenye nyumba ile ya wagonjwa mjini, na baba akasema tusimtaje, mama asilie. Hatukumtaja."

"Bi Aune, miaka yote hii hukuwahi kusema."

"Nani aliniuliza?"

Hilma alikuwa anatazama theluji dirishani.

"Nimejiambia maisha yangu yote kwamba ni mapenzi ya Mungu," akasema. "Yakiwa mapenzi ya Mungu, naweza kulala. Halafu unakuja wewe na habari za dawa, na mimi ninasikia kwamba Eino alikuwa tu mgonjwa. Mgonjwa kama mtu mwenye homa. Hilo si jambo la kumwambia mtu juu ya kahawa, Virpi."

Nilimwona mkali kwa miaka yote, na kumbe alikuwa ameketi juu ya kifuniko cha kisima. Nilitaka kumshika mkono ila hatuna desturi hiyo. Nilimwongezea kahawa. Tuliomba pamoja, na kwa mara ya kwanza maombi yake yalitaja majina mawili.


Jumatano, 27 Novemba

Theluji imekaa sasa. Hilma alianguka karibu na sanduku la barua. Nilikimbia na slipa. Hakulia, alikuwa amelala chali akitazama theluji inavyomshukia. Nilimwinua, miguu ikakataa. Nikambeba ndani, naye ananizidi urefu.


Alhamisi, 28 Novemba

Anasimama nikimshika. Nikimwachia, hasimami.


Jumatatu, 2 Desemba

Vivyo hivyo. Gazeti nimelichukua mimi.


Jumatano, 4 Desemba

Wabunge wana desturi mwisho wa bajeti: kuna kifungu kidogo wanachogawa wenyewe, watu wanakiita zawadi ya Krismasi. Huwa ni njia za baiskeli na mambo ya namna hiyo. Leo Teppo kapiga simu akipumua kama aliyepanda ngazi.

"Tumo, dada Virpi! Katikati ya njia ya baiskeli na paa la jumba la makumbusho, lakini tumo! Haverinen ndiye aliyetuingiza. Inatosha kundi dogo. Wanaanza baada ya mwaka mpya." Kisha akauliza: "Hilma anaendeleaje?"

Nilikuwa na majibu mawili ya zamani yakinisubiri mdomoni. Nikamwambia lililo kweli.

Nilimsikia Lumi nyuma yake, anaimba wimbo wa sungura, maneno yote yakiwa mahali pake. Nikamwambia, "Mwache aendelee karibu na simu." Nikausikiliza mpaka mwisho.

Jioni Daktari Outi naye akapiga. Alianza kuzunguka, nikamkatiza. "Outi, mwanangu, najua. Sharti ni sharti. Ukimchukua Hilma, utamwacha mwingine anayefaa."

"Samahani, Virpi. Fedha zingekuja Septemba..."

"Ndiyo," nikasema. Sikuongeza kitu, na sikumfariji pia. Nadhani ni mara yangu ya kwanza kutomfariji mtu.

Kisha akaniomba jambo. Kabla ya kuwatibu wadogo wanataka kuijaribu dawa kwenye seli za mgonjwa mkubwa zaidi, ugonjwa unapokuwa umefika mbali. Kipande kidogo cha ngozi ya mkono. Nikasema nitaomba kwanza.


Ijumaa, 6 Desemba

Sikukuu ya uhuru. Mishumaa miwili dirishani kama kila nyumba. Ng'ambo ya ghuba niliona miwili ya Bi Aune. Nimeomba. Nimeuliza kama nina haki ya kumtoa Hilma kwa ajili ya wengine wakati yeye hawezi kusema ndiyo. Nilikumbuka ule mkate aliompa Haverinen. Hakuna aliyemwambia ampe.


Ijumaa, 13 Desemba

Tumekwenda hospitali. Bi Aune alikuja nasi kusukuma kiti cha magurudumu, eti nyonga yake inahitaji kitu cha kuegemea. Hilma alikuwa mtulivu. Walimpaka ganzi mkononi, wakatoa kipande cha ngozi naye akitazama taa, ikaisha. Doa dogo kama la mbu mkubwa.

Nilimuuliza Daktari Outi seli zake zitakaa wapi. Akanipeleka kwenye chumba kilichojaa mngurumo mdogo, akanionyesha kabati lenye mlango wa kioo.

"Humu. Zitaanza kuongezeka baada ya wiki kadhaa. Zitaendelea kuishi kwa muda mrefu, Virpi."

"Humo ndani si baridi?"

"Hapana. Joto la mwili, usiku na mchana."

"Na wakati wa Krismasi, mkienda makwenu?"

"Kuna zamu. Krismasi hii ni zamu yangu. Lazima zilishwe."

Mimi ni mpishi. Nikamuuliza zinakula nini. Alidhani natania, kisha akaniangalia usoni akaona sitanii, akavuta kiti, tukakaa. Akanieleza yote: sukari kiasi gani, chumvi gani, kinachotiwa mwisho, kila baada ya muda gani zinabadilishiwa chakula. Nilisikiliza bila kumkatiza, jinsi unavyowasikiliza watu ambao mtoto wako anakwenda kuishi kwao, na aliponyamaza nikamwomba anirudie tena kuanzia mwanzo.